Steam Deck: memori kadi au diski ya nje, uanze na ipi?

Steam Deck ni mashine ya mkononi ya kuchezea gemu za Steam, duka la gemu la mtandaoni la kampuni ya Valve. Valve haiuzi Steam Deck rasmi Afrika Mashariki. Nyingi zilizoko mikononi mwa watu hapa zimekuja na ndugu waliotoka Marekani au Ulaya, au zimeletwa na wafanyabiashara wanaoagiza mzigo nje. Anayetafuta nafuu huishia na zile zenye hifadhi ndogo: ya GB 64 ya mwaka 2022, au ya GB 256. Mfumo ukishachukua sehemu yake, mwenye GB 64 habaki hata na nafasi ya Elden Ring, ambayo inataka GB 60. Cyberpunk 2077 inataka 70. Baldur's Gate 3 inataka 150. Wiki ya kwanza haijaisha, mtu ameshaanza kuuliza: ninunue memori kadi au diski ya nje?

Majibu mengi ya swali hilo yameandikwa na watu wenye intaneti ya haraka isiyo na kikomo. Kwao kufuta gemu si hasara, kwa sababu wakiitaka kesho wataipakua tena wakati wanakula chakula cha jioni. Kwetu hesabu ni nyingine. GB 150 kwenye laini inayotoa megabiti 20 kwa sekunde, tena bila kuyumba, ni karibu saa 17 za kupakua. Kama unatumia bando la simu, piga mwenyewe hesabu ya pesa. Kwa hiyo pamoja na kuuliza kifaa gani kina kasi na kipi kina bei nzuri, uliza pia hili: kipi kitanizuia nisilipie gemu ileile mara ya pili kwa bando? Mimi naliona ndilo swali kubwa, na jibu lake linabadilisha mpangilio wa manunuzi.

Kadi

Tundu la kadi liko ukingo wa chini wa mashine. Unaisukuma kadi mpaka isikike "tik", unaingia kwenye mipangilio, unaifomati, na baada ya hapo gemu unaziweka humo kama kwenye hifadhi ya ndani. Hakuna waya, hakuna kinachoning'inia. Ukiwa kwenye basi la Arusha au umelala kitandani, kadi haikusumbui kwa lolote. Kwa mashine iliyotengenezwa ishikwe mkononi, hilo ni jambo kubwa sana, na ndiyo sababu kadi inashinda kwa mbali linapokuja suala la kucheza.

Kasi yake ina kikomo ambacho lazima ukijue kabla hujatoa pesa. Tundu la Steam Deck ni la aina ya UHS-I, ambalo mwisho wake ni MB 104 kwa sekunde. Kadi iliyoandikwa 170 au 200 kwenye kasha haidanganyi, lakini kasi hiyo hupatikana kwenye visomaji maalum vya kampuni iliyoitengeneza. Ndani ya Deck itasoma kwa MB 90 hadi 100 hivi, sawasawa na kadi ya bei ya chini kidogo iliyo halisi. Usilipie namba ambayo mashine yako haiwezi kuitumia. Tafuta alama hizi: U3 au V30, maana yake kadi inahakikisha kuandika kwa angalau MB 30 kwa sekunde bila kushuka, na A1 au A2, zinazoonyesha uwezo wa kusoma vipande vidogovidogo vilivyotawanyika, kazi ambayo gemu huifanya muda wote. A2 ikiwa bei yake imezidi kidogo tu, chukua. Ikiwa imezidi sana, A1 ya kampuni inayoaminika inatosha kabisa.

Je, utaiona tofauti kati ya kadi na hifadhi ya ndani? Kwenye gemu ndogo, hapana. Stardew Valley inataka MB 500 tu, Hollow Knight GB 9, Hades GB 15. Hizi ukiziweka kwenye kadi hutajua ziko wapi. Kwenye gemu kubwa utasubiri zaidi wakati wa kufungua na wakati wa kuhama eneo, lakini ikishafunguka nyingi huendelea vizuri, kwa sababu picha zinatengenezwa na prosesa na kadi inabaki na kazi ya kuleta faili. Zinazosumbua ni zile zenye ulimwengu mpana unaopakiwa mchezaji akiwa anakimbia. Baldur's Gate 3 na Cyberpunk 2077, kuanzia toleo la 2.0 la Septemba 2023, zinataja SSD, yaani hifadhi ya haraka isiyo na sahani inayozunguka, kama sharti la chini. Gemu za namna hiyo ziachie hifadhi ya ndani kama nafasi ipo, kadi ibebe nyingine zote.

Jambo moja linawakera wengi wenye GB 64: hata gemu ikiwa kwenye kadi, kwa kawaida baadhi ya faili zake hubaki hifadhi ya ndani. Ni zile za Proton, inayowezesha gemu za Windows kufanya kazi kwenye Linux, na zile za sheda, yaani maelekezo ya kuchora picha, zinazoandaliwa kabla ya mchezo kuanza. Zinajaa polepole. Ukiona hifadhi ya ndani imeisha na wewe hujaweka kitu humo, anza kuchunguza hapo kabla ya kuilaumu kadi.

Diski ya nje ni vitu viwili

Muuzaji akikwambia "diski ya nje", muulize ni ya sahani inayozunguka, yaani hadi diski (hard disk) ya kawaida, au ni SSD. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa vinavyouzwa kwa jina moja, na ukivichanganya ulinganisho wote unaharibika.

Hadi diski ya inchi 2.5, ile nyeusi ya kubeba, inasoma faili kubwa moja kwa MB 100 hadi 140 kwa sekunde. Ukitazama namba hiyo utadhani inaishinda kadi. Haiishindi kwenye gemu. Ndani yake kuna mkono unaotembea juu ya sahani kutafuta kila kipande, na kila safari ya mkono huo inachukua milisekunde kumi na kitu. Gemu ikihitaji vipande elfu moja vidogo kutoka sehemu tofauti, mkono unapiga safari elfu moja. Kadi haina cha kuzungusha wala cha kusogeza, kwa hiyo hapo inaipita. Ndiyo maana gemu zile zinazodai SSD zinakwamakwama kwenye hadi diski, sauti inatangulia picha, na ukuta wa nyumba unatokea ukiwa umeshaukaribia.

Halafu kuna suala la kuanguka. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita, sahani ikizunguka mara 5400 kwa dakika. Diski iliyozimwa inavumilia mtikisiko kiasi. Diski inayozunguka ikianguka kutoka kitandani hadi kwenye sakafu ya saruji, unaweza kusikia mlio wa kugonga-gonga, na hapo data zako ziko hatarini kweli. Kucheza gemu ndani ya daladala huku hadi diski ikiwa kwenye begi, imeunganishwa kwa waya, ni jambo nisilomshauri mtu yeyote.

SSD ya nje haina mkono wala sahani, na tundu la USB-C la Deck linakubali hadi gigabiti 10 kwa sekunde. SSD nzuri kwenye tundu hilo inaweza kukaribia MB 1000 kwa sekunde, mara kumi ya kadi. Kwa kasi peke yake hakuna ubishi. Bei yake ndiyo inayoumiza, na tatizo lake jingine hadi diski pia inalo.

Tundu moja tu

Steam Deck ina tundu moja la USB-C, liko juu, na ndilo hilohilo la kuchajia. Ukichomeka diski, hujachomeka chaja. Betri ya toleo la kwanza ni Wh 40 na ya toleo la baadaye lenye skrini ya OLED ni Wh 50. Gemu nzito inaimaliza ile ya kwanza ndani ya saa mbili hivi. Hadi diski nayo inakula wati 2 hivi ikizunguka, na zaidi ya hapo inapoanza kuamka. Kwa hiyo utahitaji doki (kitako cha kuwekea Deck chenye matundu ya ziada) au habu ya USB yenye njia ya kupitisha umeme, na umeshaongeza kifaa cha tatu kwenye mashine ya mkononi.

Nyumbani, ukiwa umeiunganisha na televisheni, hilo si tatizo. Doki ya Valve ina matundu 3 ya USB, unachomeka diski moja na kontrola, maisha yanaendelea. Lakini fikiria umeme ukikatika. Mashine yenyewe haizimiki, ina betri. Habu nyingi, hasa za bei rahisi, chaja inapopoteza umeme huviachia vifaa vyote kwa muda mfupi halafu huvishika tena. Kwa kontrola hutagundua. Kwa gemu inayosoma faili zake kutoka kwenye diski, muda huo mfupi unatosha kuifunga. Na kama diski ilikuwa katikati ya kuandika, faili inaweza kuharibika. Kadi iko ndani ya mashine, inakula umeme wa betri ileile. Umeme wa mtaa ukikatika, haina habari. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo umeme unakatika bila taarifa, naona hoja hii ina uzito kuliko tofauti yote ya kasi.

Jambo la kufomati nalo lina mtego. Tangu toleo la 3.5 la SteamOS, mfumo wa Linux unaoendesha Deck, diski ya nje inatambuliwa yenyewe ikichomekwa, ila iwe imefomatiwa kwa ext4, mpangilio wa faili wa Linux. Diski iliyotoka dukani huwa na NTFS au exFAT kwa ajili ya Windows. Ukiibadilisha kuwa ext4, kompyuta ya Windows ya nyumbani haitaisoma bila programu ya ziada. Ukiiacha NTFS, utaifungua kwenye hali ya eneokazi (Desktop Mode, inayoifanya Deck iwe kama kompyuta) na kunakili faili vizuri tu, lakini kuchezea gemu moja kwa moja kutoka humo kupitia Proton kunaleta matatizo ya majina ya faili na ruhusa. Amua mapema diski hiyo ni ya nani: ya Deck peke yake, au ya familia nzima.

Kazi ambayo diski inaifanya kuliko kadi

Hapa ndipo narudi kwenye bando. Hadi diski ni mbaya kwa kuchezea, lakini kwa kuhifadhi gemu ulizokwisha kuzipakua, hakuna kinachoigusa kwa bei ya kila GB. TB 2 za hadi diski na TB 2 za memori kadi haziko hata karibu kwa bei. Fikiria mtu aliyepakua gemu kumi kubwa mwezi aliokuwa na faiba ya ofisini. Akihamia mkoani kwenye intaneti ya simu, hadi diski ile ndiyo hazina yake.

Namna ya kufanya ni hii. Ukihamisha gemu kwa kutumia sehemu ya hifadhi kwenye mipangilio ya Steam, gemu inaondoka kule ilikokuwa. Hubaki na nakala. Ukitaka nakala ibaki, ingia hali ya eneokazi, fungua folda ya Steam iliyo ndani ya /home/deck/.local/share, kisha steamapps, kisha common. Kila gemu ina folda yake. Inakili kwenye diski yako. Siku ukiifuta gemu na kuitaka tena, irudishe folda hiyo mahali pake ikiwa na jina lilelile, kisha uiambie Steam iisakinishe. Itakuta faili zipo, itazikagua moja moja, na itapakua kile tu kilichobadilika tangu ulipoinakili. Badala ya GB 150 unaweza kujikuta unapakua GB chache. Na kunakili GB 150 kutoka hadi diski kwa MB 100 kwa sekunde ni kama dakika 25, ikiwa unaziweka hifadhi ya ndani. Ukiziweka kwenye kadi itachukua zaidi, kwa sababu kadi huandika polepole kuliko inavyosoma. Kwa MB 60 kwa sekunde ni kama dakika 42. Linganisha na zile saa 17.

Kwa kazi hii NTFS au exFAT haina ubaya mkubwa kwa gemu za Windows, maana huchezi kutoka humo, unahifadhi tu. Diski ileile inaweza kubeba picha za harusi na kazi za shule za watoto.

Wenye laptopu nyumbani wana njia nyingine nzuri ambayo wengi hawaijui. Tangu Februari 2023, Steam inaweza kutuma faili za gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ndani wa Wi-Fi. Rafiki yako akiwa na gemu hiyo kwenye laptopu yake, nawe umeinunua kwenye akaunti yako, mkikaa kwenye ruta moja anaweza kukutumia baada ya kuruhusu kwenye mipangilio yake. Faili zenyewe hazipiti kwenye bando. Ukiwa na marafiki wa namna hiyo mtaani, huenda usihitaji diski kabisa, kadi ikakutosha.

Vinavyokufa, na vinavyokufa vipi

Kadi huchakaa kwa kuandikwa. Kusoma hakuichoshi kwa kiasi cha kuhofia, lakini kila unapofuta gemu na kuweka nyingine unatumia sehemu ya uhai wake. Kwa matumizi ya kawaida ya gemu utachukua miaka. Masasisho ndiyo yanayoichosha na kukuchosha: gemu kubwa ikisasishwa, Steam mara nyingi huandika upya faili nzimanzima hata kama kilichopakuliwa ni kidogo, na kwenye kadi kazi hiyo ni ya polepole na inahitaji nafasi tupu ya kutosha. Kadi iliyojaa pomoni itakataa sasisho. Acha sehemu yake wazi.

Ikifika mwisho, kadi mara nyingi hufa ghafla: asubuhi ilikuwepo, jioni mashine haiioni. Hadi diski mara nyingi, ingawa si kila mara, hutoa ishara, inapunguza kasi, inatoa milio, faili moja inagoma kunakilika. Ukipata ishara hiyo, nakili vilivyobaki siku hiyohiyo.

Maendeleo yako ya mchezo ni jambo tofauti na faili za gemu. Gemu nyingi huyatuma kwenye Steam Cloud, na hayo yanahitaji kilobaiti au megabaiti chache tu. Kabla hujazima mashine, hakikisha imepata intaneti kidogo na alama ya wingu haina onyo. Kadi ikifa baada ya hapo, umepoteza muda wa kunakili, ila safari yako ndani ya mchezo ipo.

Na kuna kosa moja linaloua kadi nzima papo hapo. Ukifungua kifuniko cha nyuma cha Deck kubadilisha SSD ya ndani au kusafisha feni, toa kadi kwanza. Ikibaki tunduni, kifuniko kinapoinuliwa kinaikata vipande viwili. Mwambie fundi pia, kabla hajashika bisibisi.

Nani anunue nini

Kama una mashine ya GB 64 au 256 na pesa ya kitu kimoja tu, nunua kadi ya GB 512 iliyo halisi. Hapo sina kigugumizi. Utaitumia kila siku, popote, bila waya. Kadi mbili za GB 256 nazo si wazo baya, kwa sababu Deck inaitambua kila kadi na gemu zake ukiichomeka, ila kadi ndogo kama ukucha hupotea kirahisi.

Kama tayari una kadi, na intaneti yako ni ya bando, kinachofuata ni hadi diski ya TB 1 au 2 ya kuhifadhia. Usichezee kutoka humo. Ukiwa na ya zamani uliyoitoa kwenye laptopu, nunua kava la USB 3 tu, itakufaa, mradi ni nzima.

SSD ya nje naipendekeza kwa mtu mmoja: anayecheza kwenye televisheni kwa doki karibu kila siku, mwenye umeme wa uhakika au UPS. Wengine wote, pesa hiyo ya SSD ya nje ingefanya kazi nzuri zaidi ikinunua SSD ya ndani. Deck inachukua M.2 ya ukubwa wa 2230, ile fupi. Ndefu ya laptopu ya kawaida haiingii. Ikifungwa na fundi anayejua, utapata kasi ambayo kadi haiwezi, bila waya wowote. Hata wenye GB 64 wanaweza, kwa sababu tundu ni lilelile. Na ile SSD ya GB 256 uliyoitoa inaweza kuingia kwenye kava dogo ikawa fleshi ya haraka.

Kuhusu kununua, kadi feki zimejaa. Kadi ya "TB 1" kwa bei ya GB 64 mara nyingi ni GB 32 iliyopangwa iidanganye mashine. Itakubali faili zako zote, itaonyesha nafasi imebaki, na ukizidi GB 32 inaandika juu ya zile za mwanzo au inatupa tu. Gemu ya kwanza itafunguka, ya tatu itaharibika, na utadhani tatizo ni Steam. Kasha zuri na maandishi yaliyonyooka si ushahidi. Kama muuzaji ana laptopu ya Windows, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, mwombe akujazie kadi kwa programu ya bure iitwayo H2testw, inayoandika data hadi kadi ijae kisha kuzisoma tena kuona kama zimerudi zote. Kwenye Linux ipo F3 inayofanya kazi hiyohiyo. Kadi ya GB 512 inachukua saa kadhaa, hivyo dukani huenda isiwezekane. Basi patana naye kwa maandishi kwamba utaipima nyumbani na kuirudisha ikishindwa, na uipime usiku huohuo kabla hujaweka gemu hata moja. Muuzaji wa kadi halisi hatakataa.